Malalamiko Dhidi ya Bi. Thelma

Hamilton, Ontario
14 Aprili

Dada yangu mpendwa Lorraine,

Ni matumaini yangu kwamba barua hii itakukuta huko Sudbury ukiwa buheri wa afya, goti limetulia, na theluji imekuachia walau njia ya kufika kanisani. Mimi ni mzima wa mwili. Moyo ndio uliochafuka, nami naomba radhi mapema iwapo kalamu yangu itapaza sauti.

Unafahamu kwamba tangu nilipostaafu posta nimejitolea miaka tisa katika karakana ya ushirika ya baiskeli. Mwezi uliopita alifika mwanachama wetu, muuguzi aitwaye Thelma Zielinski na baiskeli yake ya kukunja, ambayo huikunja kila alfajiri ili aruhusiwe kuingia nayo kwenye treni, kisha huikunjua na kuupanda mlima hadi hospitalini. Waya wa gia ulikuwa umekatika. Niliitundika baiskeli kwenye stendi ya kutengenezea, nikapima, nikakata waya mpya pamoja na ganda lake, yaani mrija unaoufunika, bila kubakiza hata inchi moja ya kuning'inia ovyo. Gia zote nane ziliitika kwa utii.

Siku ya tatu alirudi. Alitangaza mbele ya watu kwamba gia zinaruka kama panzi, akaniuliza, "Babu, ulifunga waya au kamba ya kiatu?" Niliitundika tena, nikakaza skrubu, ikawa sawa. Juma lililofuata alirudi tena, akidai kwamba gia ilimponyoka katikati ya mlima, lori likiwa nyuma yake, akaanguka, akafika wodini akivuja damu kuliko wagonjwa. Nilimjibu kwa adabu kwamba baiskeli iliyo nzima kwangu na mbovu kwake yatoa ushahidi juu ya mpandaji, si juu ya fundi. Ndipo Desmond Pruitt, fundi wa stendi ya pili, donati mdomoni, akadakia kwamba hapo tusibishane, maana mzee Orville akikosea itabidi vitabu vyote vya ufundi vichapishwe upya. Karakana nzima ikacheka. Fikiria, Dada! Mimi, niliyewafundisha nusu yao kushika spana!

Niliiandikia kamati malalamiko ya kurasa tatu, yenye vifungu kumi na moja. Kamati iliyasoma, ikanipa haki, ikamfutia Bi. Thelma uanachama, na kwetu asiye mwanachama hatengenezewi baiskeli. Alipoambiwa, hakutukana. Aliuliza tu sasa ataupandaje ule mlima, kisha akaiacha baiskeli stendini, akasema tuitafune na chai.

Jumamosi niliamua kumpelekea, ili asiseme tumempora. Haikuenea kwenye gari mpaka ikunjwe. Hapa, Dada, yanipasa kukiri jambo ambalo sijamwambia mtu: katika miaka yote tisa sikuwahi kukunja baiskeli ya aina hiyo. Wenyewe huzileta zimekunjuliwa, nami niliona haya kuuliza. Nilifungua bawaba, nikaikunja, na papo hapo nikaliona ganda la waya likikazika penye bawaba kama kamba ya kuanikia nguo, likachomoka mahali pake. Nilipoikunjua, halikurudi. Waya wa baiskeli hizi hupimwa zikiwa zimekunjwa. Mimi niliupima baiskeli ikiwa imenyooka, nikaukata mfupi kwa kupenda unadhifu. Yule mama alikuwa akisema kweli tangu siku ya kwanza, nami nilimjengea kesi akashindwa.

Hasira ningali nayo, ila sina tena wa kumpelekea. Nimetia waya mrefu zaidi, nikaikunja na kuikunjua mara ishirini, na gia zatulia. Nimeiandikia kamati imrudishe Bi. Thelma. Safari hii kifungu ni kimoja: nilikosea kupima. Tangu asubuhi waraka huo upo mezani, haujatiwa sahihi. Nimeona nikuandikie wewe kwanza na kuitia barua hii posta, ili nisipate pa kurudi nyuma.

Nifikishie salamu kwa shemeji na kwa majirani wote wanaonikumbuka. Usinipigie simu kunifariji, nakusihi.

Mimi mdogo wako akupendaye,
Orville Haskett