Motokari ya Kaka Haipendi Asubuhi

Kingi, tarehe 22 ya mwezi wa saba 1955

Kwa kaka yangu mukubwa Munyakazi, kule Mubi.

Kaka,

Kwa heshima yote inayokustahili, ninakutangazia habari hii, na uisome umesimama, kofia mukononi: kuku ya Mama, ile nyekundu yenye shingo bila manyoya, imetaga yai juu ya kiti cha shofere. Yai iko nzima. Nimeitanguliza mbele ya salamu kwa sababu njo kazi ya kwanza ya maana iliyofanyika asubuhi ndani ya motokari yako tangu baridi ya kiangazi ianze.

Sasa salamu. Uko muzima? Bibi yako na watoto, wako wazima? Joto ya Mubi inaendelea kukupika vizuri? Sisi huku tuko wazima, isipokuwa vidole. Asubuhi ng'ombe wanatoa moshi puani kama wazee wenye kiko. Mama Mukandori anakusalimia na anauliza kama unakula. Kikohozi ya Papa imepungua. Hasira yake haikupungua, na ile uliichochea wewe, kwa barua yako.

Kaka, ile barua! Papa aliisomesha mbele ya watu, kisha misa kuisha, kila muntu akisimama na maskio wazi. Uliandika eti kule Mubi motokari ilikuwa inaamuka ukiigusa tu, eti mazutu, yale mafuta yake, ni muzuri, mashini yake ni muzuri, basi kama huku Kingi inakataa, ubaya uko ku mikono ya shofere. Ulikaa kwenye joto, mbali na kilima, ukahukumu muntu ambaye hujamuona akifanya kazi hata asubuhi moja. Uliona ni maneno tu. Huku yalianguka kama shoka.

Kwa maana shofere ni Hilaire, na Hilaire njo anataka kuoa dada yetu Verdiane. Papa alikunja barua yako, akasema hivi: siku ya ine ya juma hii, mbele ya kilima yote, kama motokari haiamuke yenyewe bila kusukumwa, Hilaire ataweka ufunguo juu ya meza, na mujomba wake Grégoire ataenda kumutafutia bibi arusi ku kilima ingine. Aliongeza eti shofere asiyeweza kuamusha mashini, nyumba ataiamusha namna gani? Watu wakacheka. Verdiane hakucheka. Alikuja nyumbani akapika bugali ngumu, tukatafuna wote.

Uelewe vizuri ile motokari inafanya nini, wewe uliyetutumia yenyewe na pipa la mazutu. Maziwa ya kilima yote inapakiwa mule. Muzungu wa laiteri, pale tunapouzisha maziwa, anapokea maziwa ya asubuhi tu. Jua ikipanda anakunja pua na kufunga mulango. Basi asubuhi Hilaire anavuta kifungo cha kupasha moto, anangoja, anapiga demareri ya kuwashia. Mashini inazunguka, inakohoa, inatetemeka mpaka mabidoni ya maziwa yanagongana nyuma, inatoa moshi mweupe kama wanachagua Papa wa Roma, halafu inakufa. Tunaisukuma mpaka ku muteremko wa kanisa. Kule chini inashika, inaenda ikichechemea kama ng'ombe mwenye mwiba, na ikifika bondeni inaimba vizuri kabisa. Jioni ukiipiga ikiwa na moto, inaamuka mara moja. Inakuangalia kama vile ni wewe ulisema uongo.

Waganga hawakukosa. Papa alisema ni baridi tu, akaifunika blanketi. Ilikataa, na blanketi sasa inanuka mazutu na Papa analala nayo. Jirani yetu Nzabandora alileta makaa ya moto, akayaweka chini ya mashini kama vile anakausha mahindi. Mupira mumoja ulianza kuyeyuka, naye akasema njo dalili kama dawa inafanya kazi. Katekista Védaste alikuja na maji ya baraka, akanyunyiza mbele na nyuma. Mimi, hakuna aliyeniuliza. Mimi ni yule wa kupima maziwa. Lakini unajua wakati wa kazi yangu Goma nilikuwa ninakula chakula cha saa sita nimekaa ku ukuta wa garaje, nikiangalia makanika wakifungua matumbo ya motokari. Hawakunifundisha kintu. Walinitukana tu, lakini mikono yao ilikuwa inaongea.

Nilianza na batri. Ilikuwa na nguvu; demareri ilizunguka bila kuchoka. Halafu buji za kupasha moto, zile zinazochoma ndani mbele mashini haijaamuka. Pale mbele ya shofere kuna kawaya kadogo: buji zikifanya kazi, kanakuwa kekundu kama jicho la mulevi. Zimeunganishwa zote ku njia moja, basi moja ikikufa, kawaya hakaoni moto hata kidogo. Kalikuwa kekundu. Nikaziacha buji na amani yake. Nikabaki na swali moja: kwa nini kisha siku ya Mungu kupita, motokari ikiwa imelala siku nzima, asubuhi yake inakuwa mubaya kushinda zote? Baridi ni ile ile. Basi kuna kintu kinachotulia chini, kama mashapo ya bombe.

Nilienda ku filtri, ile inayochuja mazutu, nikafungua kaskuru ka chini. Kaka, maji yalitoka. Maji safi, mengi, mbele ya mazutu. Nikaonja. Yalikuwa maji ya kisima chetu, na ladha ya mafuta ya taa.

Hapo nilikukasirikia kabisa, nakuambia ukweli. Nilisema: kumbe kaka anatutumia pipa nusu mazutu nusu maji ya muto! Matusi niliyokutayarishia siku ile bado ninayo, yamekaa tu, utayapokea kwa shauri ingine. Kwa maana nilitoboa pipa lako chini kabisa na lilitoa mazutu tupu. Haukuwa wewe. Nikahama, nikamukasirikia Nzabandora, kwa sababu mutoto wake Nestor alikataliwa na Verdiane mwaka uliopita, na muntu anayeweka makaa chini ya mashini anaweza kuweka maji juu yake. Nilikuwa nimeisha kumuchukia vizuri. Siku moja jua likienda kuzama nikakaa nyuma ya nyumba ya ndama, fimbo mukononi, nikingoja kuona nani anashika bidoni.

Bidoni ninayosema ni ile ya zamani, ya maziwa, iliyopondeka tumbo. Hilaire anateka nayo mazutu ku pipa, anaimwaga ku tanki, anaitundika tena ku ukuta pamoja na vyombo vya Mama, kwa sababu amelelewa vizuri. Siku ile akafanya vile, akaenda zake. Mara mulango ukafunguka, na fimbo yangu ikanianguka.

Alikuwa Mama.

Alishusha bidoni, akaipanguza na majani, akamwaga ndani maji kikombe kizima, akaifunika, akaitundika. Unajua tulivyolelewa nyumbani: chombo cha maziwa hakiachwe kavu usiku, lazima kibaki na kintu, ao nyumba itakauka. Kwa Mama, bidoni ya maziwa ni bidoni ya maziwa, hata ukiijaza nini. Nilitoka nikamuuliza kwa upole anafanya nini. Akanijibu, na uso wake ulikuwa na furaha, eti tangu Hilaire ashike ile kazi hajawahi kuacha bidoni yake ilale tupu hata mara moja. Eti mukwe akikuta chombo kimekauka, atahesabu kama nyumba haimutaki. Akaniomba nisiseme kwa Verdiane, kwa maana mambo ya namna ile mama anafanya kimya.

Umesikia? Muntu anayependa ile ndoa kupita sisi wote njo alikuwa anaizamisha, kikombe kwa kikombe. Hilaire alikuwa anateka mazutu juu ya maji, anamwaga vyote ku tanki, usiku maji yanashuka chini na kungoja asubuhi mbele ya kinywa cha mashini. Na juu yake Védaste akaongeza maji yake ya baraka.

Sikumuambia Mama. Niambie wewe, mwenye kuandika barua za ukali, ungemuambia kwa maneno gani? Nilimudanganya tu kidogo. Nilisema ile bidoni imezoea mazutu sasa, maji yanaitia baridi tumboni, afazali aiachie mazutu kidogo ndani, itashiba vilevile. Alinung'unika juu ya harufu, akakubali. Nikamwaga tanki, nikasafisha filtri, nikanawa, nikalala na hasira bila muntu wa kumupa. Kwa hiyo nimekurudilia wewe.

Jana ilikuwa siku ya ine. Kilima yote ilikuja, hata wale wasio na ng'ombe. Papa alisimama na blanketi yake. Grégoire alisimama mbali, kama muntu anayepita tu. Mabidoni ya maziwa yalikuwa yamepakiwa. Hilaire alitoa kuku na yai yake, akakaa, akavuta kifungo, kawaya kakawa kekundu, akapiga. Iliamuka mara ya kwanza, Kaka, bila kukohoa, bila moshi. Nzabandora akasema kumbe makaa yake yalichelewa tu. Verdiane aliingia ndani kwa haraka, eti moshi umemuingia machoni. Papa akamuambia Hilaire mbele ya wote ufunguo ubaki mufukoni mwake, na Grégoire akakumbuka gafula kama alikuwa amekuja kutusalimia. Motokari ikashuka, wanawake wakipiga vigelegele nyuma yake mpaka ku kanisa.

Sasa kazi yako. Utamuandikia Papa barua ya pili, na aisomeshe pale pale kisha misa, useme ulimusingizia Hilaire. Usiweke sababu. Jambo la Mama libaki kati yako na mimi. Ukilitamka hata kwa bibi yako, nitakuja Mubi kwa miguu kukuletea yale matusi niliyokuwekea.

Salimia wote wa kwako, na ukae vizuri katika joto yako. Mama anasema ule. Mimi ninabaki mudogo wako anayekupenda, ingawa leo si sana,

Munyaneza

Nilisahau: maziwa yalirudi yote. Laiteri ilikuwa imefungwa. Jana ilikuwa sikukuu ya Wabelgiji.