Rufaa Ulizozikataa Kabla Hazijafika

Mzee Lugendo,

Sikuandikii shikamoo. Miaka sita nilikuamkia kila asubuhi kabla sijaweka hata mkoba chini. Leo siwezi.

Tangu tukuzike Kwihara, meza yako nimepewa mimi. Waliniletea kompyuta, wakaniambia niingize majalada yote ya faini, kila hatua na tarehe yake: siku mtu alipoandikiwa faini, siku alipopewa notisi, siku rufaa yake ilipopokelewa, siku ilipoamuliwa. Nilifurahi. Nikajisemea, kazi ya mzee wangu sasa itaonekana.

Ikaonekana.

Kompyuta ikaanza kupaka mistari rangi nyekundu. Nikadhani nimekosea kuchapa. Nikarudi kwenye jalada, nikafuata kwa kidole: rufaa imekataliwa tarehe ishirini na nane, rufaa imepokelewa tarehe tatu ya mwezi uliofuata. Nikafungua jingine. Hivyo hivyo. Kila mwisho wa mwezi uliandika "imekataliwa" kwenye kila jalada, rufaa iwe imekuja au haijaja. Saini ni yako, ile yenye mkia mrefu.

Barua zenyewe nilizikuta kwenye kabati la chini. Bahasha hazijachanwa, Mzee. Hata moja!

Unamkumbuka Mama Nzala wa Goweko? Humkumbuki, hukuwahi kumwona. Niliyemwona ni mimi. Alikamatwa na mkokoteni wa kuni za kukaushia tumbaku, akaandikiwa faini kwamba kazikata kwenye msitu wa hifadhi. Alikuja dirishani kwangu mara tatu. Mara ya mwisho nilimwambia, "Mama, rufaa yako imekataliwa. Ungeleta ushahidi." Akanitazama. "Mwanangu, ushahidi nimeuweka humo humo kwenye barua." Nikamwona mbishi. Ng'ombe wake wawili wa mkokoteni wakapigwa mnada.

Nimeifungua barua yake. Ushahidi umo: karatasi ya serikali ya kijiji, yenye muhuri, kwamba miti ni yake, kaipanda mwenyewe.

Nilipeleka orodha kwa mkurugenzi. Akasema, "Mtu yuko kaburini, wewe unatafuta nini?" Nikaipeleka kwa mkaguzi wa ndani. Alikaa kwetu wiki nzima akitafuta kama ulikuwa unakula rushwa. Hakukuta kitu. Watu wako wakashangilia. Mimi ndipo nilipokuchukia hasa. Ungekuwa mla rushwa, ningesema una shida zako nyumbani. Kumbe ulitaka tu taarifa ya mwezi iende juu haina rufaa hata moja iliyobaki, wakusifu. "Hawa wanajaza karatasi tu, hawana hoja," ulikuwa ukisema, huku ukinigawia matobolwa, vile viazi vitamu vikavu vya kwenu, na mimi natafuna, nacheka. Nacheka!

Mkeo alikuja ofisini. Alisimama mlangoni akapaza sauti: "Ulikula nyumbani kwangu, leo unamfukua mume wangu!" Wenzangu wakatoka kwenda kunywa chai bila kuniita. Mpaka leo hawaniiti.

Kwa ile karatasi yenye muhuri, faini ya Mama Nzala imefutwa. Ng'ombe hawarudi. Nilikwenda Goweko mwenyewe kumpa barua ya ofisi pamoja na ile yake, nikamkuta anatoka shambani na kuni kichwani. Habari za ng'ombe hakuuliza. Aliuliza, "Yule bwana aliisoma barua yangu?"

Nikasema hapana.

Akatua mzigo, akakaa juu yake. "Basi nisomee wewe."

Nikamsomea barua aliyoiandika kwa mkono wake, mstari kwa mstari, mpaka pale anaposema *naomba mnisikilize*. Yeye alikuwa anaitikia kwa kichwa, taratibu, kana kwamba kesi ndiyo kwanza inasikilizwa. Nilitamani ufufuke dakika tano tu, nikukalishe pale chini kwenye vumbi.

Kwa heri, Mzee Lugendo. Kukuombea pumziko siwezi, wapo watakaokuombea. Bahasha zilizobaki nitazifungua zote, nizisome, nizipeleke kwa wenyewe. Nakuahidi, kila nyumba nitakayopiga hodi nitalitaja jina lako. Kisha, kabla hawajanipa kiti, nitawaambia kwamba aliyekuwa dirishani ni mimi.

Suzana