Kifuniko cha Sufuria ya Matanga

Makomeno, Lubumbashi
Jumatatu, 19 Februari 2024

Mpendwa wifi na dada yangu mkubwa, Yaya Simone,

Nakusalimu kwa mkono wa Mama Lydie, jirani yangu anayekwenda kwao Kongolo wiki hii. Goti la kushoto linaendeleaje? Nilisikia kwamba hata kwenda misa imekuwa shida. Pole sana. Na mvua huko zinanyesha? Hapa zinanyesha kila alasiri, na mtaro wa mbele ya nyumba unatuletea takataka za mtaa mzima.

Sisi ni wazima, ila mimi daktari ameniambia moyo umechoka. Amenipa vidonge vya aina tatu na kunikataza chumvi. Ugali wa bukari kwa majani ya sombe yasiyo na chumvi ni adhabu, lakini nakula. Nina miaka sabini na mmoja, siwezi kushangaa.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Kwenye simu ungenikatiza, Yaya, tunajuana. Karatasi utaisoma mpaka mwisho.

Habari yenyewe ni hii: nimeandika wosia wangu. Kila kitu cha nyumba hii kina mwenyewe sasa, mpaka ungo.

Sababu ni mwanao Mumba. Mwezi wa kwanza alikuja kunisalimia, akaniletea sukari na sabuni, nikafurahi. Tulipomaliza kula akatoka uani, akaanza kutembea kutoka ukutani hadi kwenye mparachichi, mguu mbele ya mguu. Nilidhani ameangusha kitu. Kumbe anapima kiwanja. Nilipomuuliza alinijibu kwa heshima, sitaki kumsingizia: "Mama, hii nyumba iko ya mujomba, na miye njo mwipwa wake. Lazima nijue iko namna gani."

Binti yetu Jeanne alikuwa anaosha vyombo, akasikia yote. Unajua hali yake: mumewe alivuka kwenda Zambia miaka minne iliyopita na hajarudi, na yeye na watoto wake wawili hawana pa kulala zaidi ya hapa. Mumba alipoondoka, Jeanne aliniuliza: "Mama, siku utakufa, batatufukuza?" Nilimwambia asiseme upuuzi. Lakini haukuwa upuuzi, na mimi nilijua.

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mwaka 2003, siku ya tatu baada ya kumzika Alphonse wangu, kaka yako, ukoo wenu ulikuja hapa na gari. Mlichukua kitanda, baiskeli, redio, viti vyote sita. Mimi nilikuwa nimekaa chini na kilemba cheusi, Jeanne ana miaka kumi na miwili, ameshika nguo yangu. Na wewe ulichukua sufuria kubwa, ile niliyopewa na mama yangu siku ya harusi. Ilikuwa imetoka kupika bukari ya matanga, na ukoko bado umeshika chini. Uliibeba na ukoko wake.

Kifuniko kilibaki. Kilikuwa nyuma ya mlango, na mchele juu yake, hukukiona. Kwa miaka ishirini na mmoja nachagulia maharagwe juu ya kifuniko kile.

Nyumba hamkuichukua kwa sababu wakati ule haikuwa ya Alphonse. Ilikuwa ya kazi ya reli, na yeye alikuwa mpangaji tu. Niliinunua mimi, miaka sita baadaye, kwa kushona sare za wanafunzi na vitenge vya sikukuu za akina mama wa mtaa huu. Hati ina jina langu peke yangu. Mumba hakulijua hilo, na labda wewe pia hukulijua.

Mila naijua, nimezaliwa ndani yake kama wewe. Kwetu urithi hupita kwa mama, na mwipwa hurithi vya mjomba. Sawa. Basi vya mjomba mlikwishabeba vyote, na redio juu. Hii nyumba ni ya mama, na mama huyu ana binti. Nionyeshe mila inayosema kitu cha mama kimruke binti yake kiende kwa mtoto wa wifi, nami nitanyamaza.

Kwanza mwanangu Floribert ndiye aliyeniandikia wosia. Alikuja kutoka kwake Annexe, mimi nasema, yeye anaandika, akapeleka kuchapwa kwa mashine, karatasi tatu safi na muhuri wa mwenye duka. Tulijiona tumemaliza. Nikampelekea Maître Adrien, mwanasheria anayeimba kwaya yetu. Akasoma, akavua miwani: "Mama, hii haina kazi. Il faut, lazima uandike yote na mukono yako, uweke tarehe na signature." Mtoto wangu mwalimu alikuwa amenitengenezea karatasi nzuri ya kufungia karanga.

Basi nikaandika mwenyewe. Unakumbuka kwamba kuandika nilijifunza kule kwenye foyer, shule ya akina mama, pamoja na kudarizi, tukiwa wake wachanga? Vidole sasa vimepinda, na kalamu inaniponyoka. Nilitumia siku tano na daftari moja la shule. Mashine ya kushona na nyumba ni vya Jeanne. Shamba la Annexe ni la Floribert, ambaye analilima tayari, pamoja na taa ya reli ya baba yake, ambayo hamkuiona siku ile. Vitenge vyangu kumi na vinne nimevigawa kimoja kimoja kwa jina, ili wanawake wasivutane mbele ya jeneza langu.

Sasa nikuambie jambo ambalo ningeweza kulificha. Kwenye zile karatasi za mashine kulikuwa na mstari juu yako. Nilimwambia Floribert aandike kwamba Simone asikanyage matanga yangu, na asipewe hata maji. Kwa mdomo lilitoka kirahisi, Floribert akaandika bila kuinua kichwa. Lakini siku ya nne, nikinakili kwa mkono wangu, nilifika kwenye jina lako nikashindwa. Niliandika S, nikaandika I, nikaweka kalamu chini. Nilikumbuka kwamba Jeanne alizaliwa mikononi mwako, katika chumba hiki hiki, na wewe ndiye uliyemfunga kitovu kwa uzi wangu wa kushonea. Nikalia, Yaya. Hata mwaka ule sikulilia sufuria. Nililia kwa sababu aliyeibeba ulikuwa wewe.

Mstari ule sikuuandika. Niliandika hivi: "Kifuniko cha sufuria kubwa ni cha wifi yangu Simone."

Jana baada ya misa niliwaita wote, na Mumba pia, nikawasomea. Tulipofika kwenye kifuniko Floribert alicheka mpaka akakohoa. Mumba hakucheka. Alisema, "Mama, miye ntangojea neno ya mama yangu." Nilimheshimu kwa hilo. Hakubisha, hakuondoka na hasira, amekuachia wewe. Kwa hiyo neno liko kwako, na ukoo mzima utafuata utakalosema, maana wakubwa wote wamekwisha na umebaki wewe.

Jeanne bado anakuita baba mwanamuke, jina la shangazi kwetu, hata baada ya yale yote. Mimi sikumfundisha kukuchukia, ingawa kuna miaka nilitamani. Baba hamtoi mtoto wake nje na watoto mgongoni. Naomba umwandikie Mumba kwa mkono wako kwamba nyumba ni ya Jeanne. Usimtumie sauti kwa simu. Uandike, uweke tarehe na jina.

Yaliyopita si ndwele. Ukiweza, njoo Pasaka. Treni hazina uhakika, najua, lakini Mama Lydie atarudi kwa gari na amekubali kukushika mkono. Njoo na sufuria. Tutaifunika kwa kifuniko chake, tupike bukari ya watu wengi wakati mimi bado naweza kula, nami nitatia chumvi siku hiyo, daktari atanisamehe.

Na ikiwa utakuja baada ya kuzikwa kwangu, mlango utakuwa wazi, hakuna atakayekuzuia. Kifuniko kiko nyuma yake, kwenye msumari, nimekisugua kinang'aa. Kichukue, ni chako. Ukitoka, mwachie Jeanne mlango.

Nisalimie wajukuu wako wote, na Mama Mbuyi wa karibu na kanisa kama bado yu hai. Jeanne anakusalimu, Floribert pia. Mungu akutie nguvu katika goti hilo na akufikishe Pasaka salama, wewe na mimi.

Wifi yako akupendaye, na asiyesahau,

Mwaba Léontine