Daftari Lako la Kompyuta Zilizoganda

Mdogo wangu Kemilembe,

Najua utaniamkia hata kabla hujamaliza kufungua bahasha, maana ndivyo Ma alivyotulea. Safari hii shikamoo yako iweke kando kwanza. Soma mpaka mwisho, ndipo uamue kama bado naistahili.

Habari za Muleba? Goti la Ma linaendeleaje huko Kaagya, au bado anaingia kibanjani kukata ndizi akidhani hamumwoni? Mimi mwili ni mzima. Baridi ya Ujerumani nimeizoea, nakula, nalala. Kinachonisumbua ni aibu, na aibu yenyewe inakuhusu wewe.

Unaikumbuka siku ile mkuu wa shule unakofundisha aliponipigia simu ukiwa naye ofisini, spika ikiwa wazi. Kompyuta zote za maabara zilikuwa zimeganda tena, wanafunzi wamekaa wanazitazama. Mfumo ule niliuweka mimi nilipokuja likizo: kazi zote za wanafunzi zinatunzwa kwenye seva moja, na kila kompyuta inazifuata huko kwa waya. Akaniuliza tatizo ni nini. Badala ya kusema sijui, nikamjibu kwa Kiingereza kirefu kwamba mfumo ni mzima, tatizo ni anayeushika. Kiingereza nilikichagua makusudi, nionekane mtaalamu. Ukasema taratibu, "Lakini waitu, kaka yangu, mimi sijagusa kitu. Zimestaki zenyewe." Nikakukatiza: "Zima, washa. Na usichezee tena hizo nyaya."

Wiki hiyohiyo ukanyang'anywa ufunguo wa maabara. Tata akanipigia akilalamika kwamba wewe bintiye umetuangusha, nami nikamjibu, "Atajifunza tu." Nikiyakumbuka maneno hayo natamani kujificha.

Sasa nikueleze. Mwezi uliopita seva ya hapa kazini, niliyoipanga mimi kwa mtindo uleule, ilianza kuganda. Nikanyoosha mkono kuizima. Mama mmoja ninayefanya naye kazi akanizuia, akasema, "Ukiizima unafuta ushahidi. Iache hivyohivyo tuone imekwama wapi." Kumbe kila nilipokuambia zima, washa, nilikuwa nakufutisha ushahidi wako mwenyewe.

Ndipo nikazikumbuka picha za daftari lako ulizonitumia kwenye simu kabla hujanyang'anywa ufunguo. Sikuwa nimezifungua, Kemilembe. Nilijiambia, mwalimu wa Muleba atanifundisha nini mimi? Nikazifungua. Umeandika: "Kidato cha Pili, wote wamehifadhi kazi kwa pamoja, zimeganda. Kidato cha Kwanza, nimewaambia wahifadhi mmoja mmoja, hazikuganda." Na siku ya pili ukarudia, na ya tatu. Jibu lilikuwa mkononi mwangu miezi yote hiyo.

Kosa lilikuwa langu. Niliiagiza seva iyafuate mafaili yake yenyewe kwa njia ya mtandao, kana kwamba yako kwenye mashine nyingine. Ulikuwa uvivu tu, nilitaka mpangilio uwe mmoja kila mahali. Wanafunzi wakihifadhi kwa pamoja, kumbukumbu inajaa. Kiini cha mfumo, kile kinachogawa nafasi, kinataka kwanza mafaili yapokelewe ndipo nafasi ipatikane. Na sehemu inayopokea mafaili inataka kwanza nafasi ndipo ipokee. Ni kama watu wawili mlangoni, kila mmoja anamngoja mwenzake atangulie. Hapo hakuna waya, wala mkono wako.

Ningeishia hapo ningekuwa na nafuu. Nililipeleka tatizo kwa mafundi wanaoitunza programu ya seva hizi, pamoja na uliyoyaandika daftarini. Mmoja wao akayasifu sana majaribio yale, hasa la mmoja mmoja, akauliza ni nani aliyeyafanya. Nikaandika, ni mimi. Bosi wangu akasoma, akanipongeza mbele ya wenzangu. Nikatabasamu. Nilikuvua heshima kwa kosa langu, kisha nikajivika sifa kwa kazi yako.

Juzi nimewaandikia tena mafundi wale, nikataja jina lako na kusema kwamba nilidanganya. Bosi naye amesoma. Seva ya shule nimeirekebisha kutoka huku. Tata nimempigia pia. Akauliza, "Kumbe mtoto wangu nilimsema bure?" Nikamjibu ndiyo, na kwamba mimi ndiye niliyemponza.

Nisalimie Ma, na Tata ukimwona ametulia. Mfikishie salamu shangazi yetu mwenye duka Kashai, najua naye alisikia maneno yangu na akayaamini. Wasalimie pia wanafunzi wako wa Kidato cha Kwanza waliokubali kungojana.

Ndani ya bahasha hii kuna barua niliyomwandikia mkuu wako wa shule kukiri kosa langu. Sikuigundisha. Isome wewe kwanza. Ukiona mahali popote nimejipendelea, ichane uniambie, niandike nyingine.

Ni mimi kaka yako niliyekusingizia,
Mutalemwa