Kumbe Thérapie si jina ya groupe

Steve, mu Bukavu yote hakuna mutu wa kunishinda ku danse. Unajua. Leo maman mumoja wa miaka sitini amenimaliza, tena bila muziki!

Affiche ku ukuta wa kanisa, paroisse yetu, iliandika «Danse Thérapie, samedi», ndio leo Jumamosi. Nikafikiri Thérapie ni jina ya groupe ya muziki!! Nikavaa viatu vya basket mupya.

Kumbe ni matunzo ya roho. Maman Bibiane, ule wa miaka sitini, psychologue, anasema: «Kazi hii ilianza na mwalimu wa danse. Aliona wanafunzi wanakuja kutua mizigo, hapana kujifunza pas za miguu. Mumoja acheze, wengine wamufuate.»

Zamu yangu nikataka kuwachekesha. Nikainama, mikono juu, chini, juu, chini. Wote wakanifuata.

Maman Bibiane akaniuliza: «Mutoto wangu, unachimba nini?»

Steve. Unachimba nini! Mikono yote ile ilikuwa inamuchimbua Bruno, kaka, grand frère yangu, mwenye udongo ulifunika mu kishimo cha dhahabu kule Kamituga. Nikataka kuacha, mikono ikakataa. Nikalia.

Mimi! Mwenye mama anaambia majirani: «Huyu hata ku mazishi hakulia.»

Nikageuka nipanguse macho. Nyuma yangu, mwenye alichelewa kuingia, mwenye anatuambiaka kila samedi iko ku chorale kuimba, mama yangu alikuwa anachimba.