Nimetia Sahihi Barua Ambayo Sikuiandika

Dada Ambika mpendwa, nisaidie kabla sijamharibia mtoto wa watu maisha yake.

Mimi ni mwalimu wa fizikia hapa mjini Tansen, mwaka wa kumi na tisa sasa, na kila msimu wa maombi ya vyuo vya ng'ambo wanafunzi hunijia wakitaka barua ya mapendekezo, nami huwaambia kama walimu wenzangu wote wanavyowaambia wao, "Kajiandikie mwenyewe, ulete nitie sahihi," maana wao wako mia na ushee na mimi ni mmoja, na hakuna aliyewahi kulalamika. Mwaka huu wawili wanaomba chuo kimoja, na ufadhili ni wa mtu mmoja tu. Prajwal, mtoto wa mwenye hoteli, kaleta kurasa mbili za kujisifu, eti ndiye aliyeanzisha maabara yetu, wakati hata ufunguo wake hajui unakaa wapi, nami nikacheka, nikatia sahihi, nikaituma. Urmila, ambaye sijawahi kufundisha mwanafunzi aliyemfikia, kaleta mistari minne: anahudhuria, ana adabu, anapenda fizikia, asante. Nikatia sahihi hiyo nayo, kisha nikamwambia, "We mtoto, mbona hukujisifu? Mwenzako kajipamba kama bwana harusi!" Akainamisha kichwa, akasema, "Mwalimu, mimi najua nilichosoma tu. Kama nafaa, si wewe ndiye wa kusema?"

Tangu siku hiyo maneno yake yananiandama, Dada, kwa sababu niliwahi kukosea hesabu ubaoni mbele ya darasa zima, naye akangoja wenzake watoke, akaniachia mezani kikaratasi chenye hesabu sahihi, na kesho yake nikasahihisha kana kwamba nimegundua mwenyewe, na mpaka leo hajamwambia mtu. Tena hao mia na ushee ni kisingizio. Kiingereza changu kinaishia kwenye kanuni za fizikia, kuandika barua siwezi, naona aibu. Mke wangu ananiambia, "Sahihi si ya kwanza hiyo, baba Sujan, acha kujisumbua." Maombi yanafungwa Jumapili ijayo. Nitume hiyo mistari minne, au nimrudishie aongeze chumvi?

Mwalimu, Tansen

Dada Ambika anajibu: Mwalimu, pole, ila leo pole sina nyingi. Miaka kumi na tisa umewaachia watoto wajitolee ushahidi wenyewe, halafu unashangaa mwongo ndiye anayeng'ara? Urmila ameshajieleza kwenye insha yake ya maombi. Hapa chuo kinakuuliza wewe. Ukimrudishia aongeze chumvi, utakuwa unamfundisha uongo ambao yeye mwenyewe ameukataa. Chana hiyo mistari minne.

Aibu ya Kiingereza naielewa, wala si wewe peke yako. Andika kwa Kinepali. Eleza habari ya kikaratasi, na kosa lako usilifiche. Huko chuoni kuna mtu amesoma barua mia tano za "ana bidii na nidhamu" mpaka anasinzia. Hiyo yako itamwamsha. Kisha mpelekee mwalimu wa Kiingereza akutafsirie, na umwombe kwa kinywa chako, usitume mwanafunzi. Akikucheka, kucheka hakuui mtu.

Sasa Prajwal, na hapa patauma. Jina lako liko chini ya uongo. Mwite yeye na baba yake, uwaambie unakiandikia chuo kuiondoa barua ile, na utamwandikia nyingine ya kweli. Hata yeye hakosi jema, litafute. Mzee wa hoteli atafoka, basi na afoke. Mama Sujan msalimie, lakini kwa hili amekosea.

Kesho, kabla ya kengele ya kwanza, mwite Urmila pembeni umwambie, "Binti yangu, barua yako naiandika mimi." Usiongeze neno. Akilia mwache alie, maana amengoja siku nyingi mtu mzima amsemee.