Mafuta ya Mikono

Boulder, Jumatatu

Shangazi Verna,

Theluji imeyeyuka, na paka wako uliyeniachia hajambo, anaringa tu.

Yale mafuta ya mikono uliyonitumia niliyapaka siku ya kufunga kifaa chetu cha kupimia mionzi mikali ya jua kutoka angani. Ni mwiko kabisa: mvuke wake hukipofusha kifaa. Sikumwambia mtu. Kilipofika angani ndani ya setilaiti, vipimo vikawa vinashuka kila wiki, nami nikawa silali.

Jana tulirusha roketi yenye kifaa kipya, kulinganisha. Namba za vifaa vyote viwili zikawa sawasawa. Bosi wangu, Lowell, akasema, "Marlys, unalia nini? Kifaa kizima! Jua lenyewe ndilo limetulia."

Nikakiri.

"Ukirudia nakufukuza!" akafoka. Kisha akatazama mikono yake iliyopasuka kwa baridi. "Yamebaki?"

Tuma makopo mawili.

Mwanao,
Marlys